Rangi ya Tangi Bado Mbichi

Jumamosi, 3 Agosti 1968

Nimelichukua tangi la pikipiki yangu Tororo. Hatimaye! Fundi Ikiring alisema Jumatatu, akasema Alhamisi, akasema njoo kesho — leo nimemkalia pale kibandani kwake mpaka akaona haya. Lakini rangi, loo! Damu ya mzee. Tena ya kupuliza kwa bomba, si ya brashi. Unajiona uso ndani yake. Ubavuni amepiga mstari mweusi, mkono haukutetemeka. Sitamsifu. Ameniudhi mno.

Halafu ananipa masharti kama mganga! Rangi imekauka juu tu, ndani bado mbichi. Itashika baada ya mwezi mzima wa jua. Nisipake nta sasa. Nisifunike na turubai. Na petroli isiiguse kabisa, hata tone. Nikamwuliza, tangi la petroli lisiguswe na petroli, hiyo ni akili gani? Akacheka, huyu Mteso. Ati ndani ni ndani na nje ni nje. Tone likikaa rangi inavimba, kesho yake inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Mwezi mzima! Kwa nini hakusema kabla ya kupuliza?

Basi nitavumilia. Desemba pale Iyolwa, kwa wakwe zangu, shemeji Oketcho alisema mbele ya watu wote, mtungi wa pombe ukiwa katikati, kwamba dada yake ameolewa na kopo la kutu linalopiga kelele. Watu wakacheka mpaka mirija ikawatoka midomoni. Mimi nami nikacheka. Nilichekaje? Hasira ile bado ninayo hapa kifuani. Safari hii nitaingia Iyolwa na pikipiki, si kopo, nione huyo Oketcho atafungua mdomo kusema nini.

Jumatatu, 5 Agosti

Yule mtu wa pampu hapa Busia ana wazimu. Anatia petroli kama mtu anayenywesha ng'ombe. Amejaza, amechomoa mpira unadondoka, akaupitisha juu ya tangi langu — juu! — kana kwamba ni tangi la babake. Nikaweka mkono wangu chini ya matone. Haki ya Mungu, mkono wangu mwenyewe. Afadhali ngozi, itaota nyingine.

Tukagombana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nyuma yangu watu wanapiga honi, na mzee mmoja wa baiskeli akanikumbusha kwamba hasira hasara. Nikamjibu hasara ni yangu na hasira ni yangu, yeye anadai fungu gani?

Jioni nimetafuta dawa. Nimekata tyubu kuukuu, nikatoboa tundu katikati, likashika shingo ya tangi barabara. Mpira unaning'inia pande zote. Sasa tone likianguka linateleza juu ya mpira hadi chini, rangi haiguswi. Nimejaribu na maji mara nyingi. Haipenyi! Mke wangu Felistus alikuwa mlangoni anachambua mboga, ananitazama tu. Mwishoni akauliza kama pikipiki imeanza kula uji, maana naona umeishonea bibu.

Wanawake.

Jumatano, 7 Agosti

Ugomvi tena. Wimbi la mama yake Felistus limekomaa, na Felistus anataka kwenda kusaidia kuvuna. Sawa. Anataka nimpeleke na pikipiki. Si sawa!

Nimemweleza taratibu — nilianza taratibu — kwamba Iyolwa ni mbali, na kwenda na kurudi ni lazima nijaze tangi. Tangi likijaa, barabara ile ya mashimo inalitikisa, petroli inatemwa kwenye tundu la kifuniko. Inatiririka moja kwa moja juu ya rangi. Akasema jaza nusu, nusu nyingine tuibebe kwenye chupa, ataishika yeye. Nikasema chupa itapasuka. Akasema haijapasuka bado. Nikasema itapasuka! Sauti yangu ikafika kwa jirani Roselyn, nikamsikia amezima redio ili asikie vizuri.

Felistus akaniambia polepole, "Nashon, unaogopa petroli ama unaogopa kwetu?"

Nilitoka nje. Swali gani hilo la kumwuliza mume?

Alhamisi, 8 Agosti

Ameenda. Kwa basi la asubuhi. Hakuniaga.

Na amebeba ile leso niliyokuwa nafutia tangi! Ni yake, najua ni yake. Lakini ilikuwa laini, haikwaruzi. Sasa nifutie nini, gunia?

Jumapili, 11 Agosti

Nilianika pikipiki juani nikaenda kanisani. Narudi nakuta jogoo wa Roselyn amesimama juu ya tangi, anawika. Kucha zake juu ya damu ya mzee yangu! Nilimrushia kiatu cha kanisa. Kimeingia kwenye sufuria ya Roselyn. Amenitukana mpaka watu wa upande wa Uganda wamesikia, nami nimemrudishia yote. Hakuna mkwaruzo mkubwa. Nyumba imekuwa kimya sana leo, chakula nimepika mwenyewe na kimeungua.

Jumatano, 14 Agosti

Nilijua! Nilijua, nilijua!

Tajiri wa stoo ninakofanya kazi alinituma Masafu kuangalia mahindi. Nilijaza nusu tu. Barabara ile, mashimo juu ya mashimo. Nilipofika nikaona unyevu umezunguka kifuniko. Nikafuta upesi na shati langu. Nimechelewa. Jioni hii kuna uvimbe karibu na shingo ya tangi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Nikiubonyeza, unabonyea. Nilikaa chini nikautazama mpaka macho yakaniuma. Karibu nilie, mtu mzima.

Ni ile washa ya ndani ya kifuniko, pete ya kuzuia petroli, imekwisha. Nimekata nyingine kwa ngozi ya ndala. Lakini siiamini. Siamini chochote kinachokaa juu ya tangi hili. Kwa hiyo nimeamua: mpaka mwezi uishe, sitii petroli ila ya kunifikisha ninakokwenda. Tangi tupu halitemi.

Mfanyabiashara wa samaki ameniletea salamu kutoka Iyolwa. Wimbi limeingia ghalani. Nikamchukue mke wangu Jumamosi, na mama mkwe ameniwekea kuku. Vizuri. Waione pikipiki.

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi. Natoka. Nimeisugua mpaka inang'aa, na nitaisimamisha ule uvimbe uwe upande ambao mtu haangalii. Nimetia ya kunifikisha Iyolwa, na kidogo ya kunisogeza kesho hadi pampu za Tororo. Nimepima vizuri.

Jumapili, 18 Agosti

Niko Tororo, nje ya wodi ya wanawake. Niandike tangu mwanzo, hasira zisinirukishe kitu.

Nilifika Iyolwa jana mchana. Oketcho alikuja, akaizunguka pikipiki, akainama, akajiangalia kwenye tangi, akapangusa meno yake kwa kidole. Akasema hii sasa ni pikipiki. Tangu Desemba nangoja maneno hayo! Nikaketi kwenye kiti cha wageni kama mtu.

Mama mkwe sikumwona, na sikupaswa kumwona. Kwao kama kwetu Wasamia, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaketi pamoja. Akija njia hii mimi napita ile. Ni heshima. Nilisikia sauti yake tu nyuma ya ghala, anamkimbiza kuku. Kuku wangu. Halafu nikasikia sauti nyingine, ya kilio.

Kuku alikuwa ameingia kwenye mabua ya wimbi yaliyorundikwa. Mama mkwe akaingiza mguu. Nyoka alikuwamo. Moma, yule mnene. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema! Mimi nimekuja, mwenyeji ameumwa na nyoka kwa ajili ya kitoweo changu.

Mguu ulianza kuvimba tunautazama. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umekwenda matangani. Oketcho hajui kuendesha pikipiki. Kila mtu akanigeukia mimi, nami nikageukia upande, maana nifanye nini? Akae nyuma yangu? Anishike kiuno — mama yake mke wangu? Naye alikataa kabla sijakataa mimi. Felistus alinitafsiria: anasema heri afe na heshima yake. Watu wakaanza kubishana, wazee wawili wakaanza hata kutafuta mifano ya zamani, na mguu unazidi kuvimba! Nilitaka kupiga mtu ngumi.

Felistus ndiye aliyekata maneno. Alipanda yeye, akajisogeza mpaka tumbo lake likagusa mgongo wangu, akasema mama atakaa nyuma yangu, mimi nitakuwa ukuta. Hakuna atakayemgusa mwenziwe. Mama mkwe akajifunika kichwa chote kwa leso, wakampandisha, wakamfunga kwa Felistus kwa shuka. Tukaondoka watatu, pikipiki inalia.

Watu watatu. Mimi nilipima petroli ya mtu mmoja.

Tulikuwa tumeliona jiwe la Tororo, liko pale mbele kabisa, tukawa tunapanda kilima. Injini ikakohoa. Nikafungua petroli ya akiba. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Felistus akauliza kama imeisha. Nikasema imeisha. Akauliza nilitia kiasi gani. Nikasema ya kufika. Alimfungua mama yake, akamlaza kando ya barabara, kichwa kivulini, akaanza kumpepea.

Mungu hakutuacha. Likaja lori la saruji kutoka Tororo. Dereva alikuwa mtu mwema, tanboi wake, yule msaidizi, akaingiza mpira kwenye tangi lao, akavuta kwa mdomo, akajaza kopo. Mimi nikawa nautafuta ule mpira wangu wa tyubu. Mfuko huu haupo, mfuko ule haupo. Felistus hakungoja. Alinyakua kopo akaanza kumimina. Kwa haraka yake petroli inamwagika kotekote, inashuka ubavuni, juu ya mstari mweusi —

Nikampigia kelele. Nitaandika nilivyosema, maana wote walisikia. Nilisema, "Polepole wewe! Rangi bado mbichi!"

Na nikamshika mkono. Kopo likaanguka. Petroli yote ikanywewa na vumbi.

Tanboi akageuka kutazama mlima. Felistus alinitazama mimi, si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira, hasira naijua.

Halafu mama mkwe akasema. Pale chini, chini ya leso yake. Hakusema Kijopadhola, lugha yao. Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha sokoni, ili nisikie mwenyewe, lakini kwa kumtuma binti yake kama heshima inavyotaka.

"Felista, ambia mkwe yangu apanguse rangi yake kwanza. Mimi nangoja."

Mpaka sasa sijui kama alinitukana ama alinihurumia. Nimeligeuza neno lile usiku kucha na kila upande linaniuma.

Dereva akatoa petroli nyingine. Felistus akachukua kopo akanipa mimi. "Tia wewe." Nikatia. Nilimwaga kuliko yeye.

Wamempokea hapa haraka, daktari ameshamchoma sindano. Tungoje, anasema. Nina hasira na Ikiring na rangi yake ya mwezi mzima. Nina hasira na nyoka. Na kuku. Nina hasira na Felistus kwa kutongoja, na mila hii inayofanya mgonjwa abishaniwe kama kesi. Na mimi mwenyewe — huyo ndiye nikimkumbuka nataka kumtia makofi.

Jumatatu, 19 Agosti

Mguu umevimba hadi paja. Lakini amekunywa uji.

Rangi imeinuka upande mzima wa kushoto. Nimekaa nje nikaibandua kwa kucha, inatoka vipande vipana vilaini, huku natukana. Mlinzi akaniomba nitukane kwa sauti ya chini, hapa kuna wagonjwa.

Jumatano, 21 Agosti

Felistus hatoki nje. Siku zote hizi! Anakula humo, analala sakafuni chini ya kitanda cha mama yake. Nami siwezi kuingia, mama mkwe yumo, amelala bila kujifunika vizuri. Felistus anajua siwezi. Amejificha mahali pekee duniani ambapo heshima hainiruhusu kukanyaga! Nilimtuma nesi amwite. Nesi akarudi akasema amesema hana nafasi. Nilipeleka machungwa. Yamepokelewa, asante hakuna.

Leo Oketcho amenitolea ujumbe. Mama akiruhusiwa, Felistus atarudi naye Iyolwa. Kama nina maneno, nije na wazee wangu, nikae tena kwenye kiti cha wageni. Nikapandisha sauti. Nikamwuliza ni mume gani anayenyang'anywa mke kwa sababu ya kopo la petroli? Nilidhani atanijibu kwa kelele, tupigane, tumalize.

Akasema tu, "Shemeji, mama alikuwa nakufa, wewe naita rangi."

Akaingia ndani. Yeye anaruhusiwa kuingia.

Ikiring naye amesikia, akaja mpaka hapa kuangalia. Ati alinionya. Ati anaweza kukwangua apulize upya, na safari hii apige vanishi ngumu juu yake. Nilimfukuza. Hakustahili kufukuzwa lakini nilimfukuza. Nimeomba ruhusa stoo kwa mara ya pili, tajiri amekasirika. Akasirike.

Ijumaa, 23 Agosti

Leo anaruhusiwa. Nimesikia kwa mlinzi, si kwa mke wangu.

Nilikwenda pampu ya hapa Tororo mapema. Mtu wa pale alinishikia mpira akangoja, amesikia habari zangu, anangoja nivalishe tangi bibu yake. Nikamwambia jaza. Akauliza hadi wapi. Nikasema jaza mpaka imwagike, wewe huna masikio? Ikamwagika. Ikateremka kwenye rangi iliyobaki, upande wa kulia, ule mzuri. Akaniletea kitambaa mbio. Nikamwambia akiweke. Nilikuwa nimekasirika naye, sijui kwa nini, hakunikosea chochote.

Sasa niko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la hospitali. Siwezi kusogea zaidi ya hapa, si vizuri. Naandika nimeegemea tangi, karatasi inanuka petroli. Oketcho amepata lori la watu wanaorudi upande wa Iyolwa, limesimama langoni, dereva ana haraka. Niseme nini? Nimejaribu maneno tangu alfajiri, na kila nikianza yanatoka kama matusi. Nimesema pole mara mbili peke yangu hapa, na zote zimetoka kwa sauti ya ugomvi.

Wanatoka. Mama mkwe anatembea na fimbo, mguu umefungwa bandeji, leso kichwani. Felistus amebeba furushi. Ameniona. Ameangalia pembeni. Sawa, aangalie pembeni! Ana haki.

Wamemketisha mama kwenye ngazi ya lango apumzike. Amenipa mgongo, inavyotakiwa. Nami nimegeuza uso, naangalia kwa jicho moja.

Oketcho anapakia furushi juu ya lori. Mama mkwe amemvuta Felistus nguo. Anamwambia kitu. Felistus anatikisa kichwa. Anamwambia tena. Anaonyesha kwa fimbo, bila kugeuka, upande huu wangu. Sisikii hata neno moja! Lori hili na injini yake! Niko hatua chache na siwezi kuvuka barabara kuwauliza wanasema nini juu yangu.

Felistus anatikisa kichwa tena. Analia, nadhani. Dereva anapiga honi. Oketcho amemshika mama yake mkono ili ainuke, apande. Ameinuka.

Ameuchomoa mkono wake mkononi mwa Oketcho. Ameketi tena, fimbo bado imeelekea huku kwangu.